Wanaanga wa Moscow na Watu Watatu wa Luano

Hadithi za wanaanga waliopotea hazikosi wasikilizaji. Mmoja husema kwamba Warusi waliwatuma watu juu kabla ya Gagarin, wakafa huko, na serikali ikafunga kinywa. Mwingine huongeza ya kwamba sauti zao zilisikika katika redio, wakilia na kuomba msaada, halafu kimya. Na mwenye kusimulia mara nyingi humaliza kwa neno hili: "Serikali zote ni namna moja, hatutajua kamwe."

Je, hatutajua kamwe? Ndilo swali tunalotaka kulitazama leo. Na kwa kuwa mwaka unaotajwa mno katika hadithi hizo ni 1961, hatuwezi kutazama mbingu za Warusi tu na kusahau mji wetu. Maana mwanzoni mwa mwaka ule ule watu watatu walishuka katika ndege hapa kwetu, katika kiwanja cha Luano, wakapotea. Serikali ikatoa tangazo, na tangazo lile lilikuwa uongo. Leo twajua karibu yote yaliyotokea, hata saa yake.

Tuanze na Warusi. Mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo cha angani ni Yuri Gagarin, tarehe 12 Aprili 1961. Aliizunguka mara moja tu, kwa muda usiotimia saa mbili, akarudi mzima. Siku zile vijana wawili wa Torino, nchi ya Italia, ndugu Achille na Giovanni Battista Judica-Cordiglia, walikuwa na mitambo yao ya redio mahali paitwapo Torre Bert. Walisema kwamba wamenasa sauti za Warusi wanaokufa angani: mapigo ya moyo, pumzi ya mtu anayekata roho, tena sauti ya mwanamke anayelalamika kwamba anaona moto. Magazeti mengi yaliyapokea maneno yao kwa furaha. Habari ya namna hiyo huuzwa upesi kuliko maandazi.

Dola ya Kisovyeti ilipovunjika mwaka 1991, karatasi nyingi zilizokuwa siri zilifunguliwa. Waliofanya kazi katika mambo ya angani walianza kusema bila hofu, na shajara zao zikachapwa. Waliochungua hawakukuta jina hata moja la mtu aliyekufa angani kabla ya Gagarin. Na wale waliokufa kweli katika safari zilizofuata, serikali yenyewe iliwatangaza na kuwazika kwa heshima: Vladimir Komarov mwezi wa Aprili 1967, mwavuli wa chombo chake ulipokataa kufunguka sawasawa, na wenzake watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, mwezi wa Juni 1971, hewa ilipovuja katika chombo chao walipokuwa wakirudi. Basi ile hadithi ya Torre Bert haina miguu ya kusimamia.

Walakini tusiharakishe kuwacheka walioisadiki. Serikali ya Moscow ilikuwa na mambo ya kuficha, tena mengi. Tarehe 23 Machi 1961, siku ishirini tu kabla ya safari ya Gagarin, kijana mmoja wa kundi lake, Valentin Bondarenko, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa amefungiwa katika chumba cha majaribio kilichojaa oksijeni. Chumba kile kilikuwa hapa hapa chini, si angani. Alijipangusa ngozi kwa pamba iliyoloweshwa alkoholi, akaitupa, ikaangukia jiko la umeme. Katika hewa ya namna ile moto haupandi pole pole, bali hulipuka. Mlango haukuweza kufunguliwa upesi. Akafa hospitalini saa chache baadaye, akazikwa Kharkiv, na dunia haikuambiwa neno. Habari yake ilitoka katika gazeti la Izvestia mwaka 1986, yaani miaka 25 baadaye.

Tena si yeye peke yake. Mwezi wa Oktoba 1960 roketi kubwa ililipuka chini, kabla ya kupaa, ikawaunguza wafanyakazi wengi pamoja na mkuu wao, jemadari Mitrofan Nedelin. Serikali ikatangaza kwamba Nedelin amekufa katika ajali ya ndege. Wale wengine hawakutajwa kabisa. Hata Gagarin mwenyewe, aliyerudi mzima, alisemewa uongo. Alitoka katika chombo kikiwa bado juu sana, akashuka kwa mwavuli wake peke yake. Lakini kadiri ya sheria za mashindano ya warukaji, rubani alipaswa kutua pamoja na chombo chake. Kwa hiyo wakasema, na wakakaza kusema kwa miaka karibu kumi, kwamba alitua ndani yake. Serikali inayosema uongo juu ya mwavuli, nani ataisadiki juu ya kaburi?

Kisha kuna zile picha. Wanaanga wa kwanza walipigwa picha ya pamoja mjini Sochi mwaka 1961. Miaka iliyofuata picha ile ilichapwa tena, na mahali alipokuwa amesimama mtu mmoja palionekana ua tu. Watu wa Marekani na Ulaya walipozilinganisha zile picha mbili walisema: Tazama, huyu amekufa angani! Kumbe hapana. Mtu yule, Grigori Nelyubov, alifukuzwa kazini mwaka 1963 kwa sababu ya ulevi na ugomvi na askari, akafa mwaka 1966 kwa kugongwa na gari la moshi. Wenyewe waliona haya juu yake, wakamfuta. Uvumi ulikosea juu ya namna ya kifo, lakini ulikuwa umegusa jambo la kweli, kwamba mkono wa mtu umepita juu ya picha.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi mmoja kabla ya kufa Bondarenko, wakubwa wa Moscow walikuwa wakipaza sauti mbele ya dunia nzima, wakiishitaki serikali ya Katanga kwa kuua watu na kuficha maiti. Hata chuo kikuu chao cha wanafunzi wageni walikipa jina la Patrice Lumumba, Februari 1961. Katika mashitaka yale walikuwa na haki. Katika Machi wao wenyewe walifanya nini, msomaji amekwisha kusoma.

Vijana wetu wengi wanalijua jina la Lumumba, lakini mambo yenyewe wameyapokea vipande vipande. Kwa hiyo tuwakumbushe kwa ufupi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Lumumba akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba katika kazi yake. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu akashika madaraka. Lumumba alijaribu kukimbilia Stanleyville, kwa watu waliomfuata, lakini alikamatwa njiani huko Kasai tarehe 1 Desemba, akafungwa katika kambi ya askari ya Thysville, ambayo sasa ni Mbanza-Ngungu. Katikati ya Januari askari wa kambi ile waliasi. Wakubwa wa Léopoldville wakaogopa kwamba atafunguliwa. Tarehe 16 Januari waziri wa Ubelgiji aliyeshughulika na mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alipeleka simu akimhimiza Tshombe ampokee mfungwa.

Kesho yake, Jumanne tarehe 17 Januari 1961, Lumumba alitiwa katika ndege pamoja na wenzake wawili: Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, aliyekuwa makamu wa mkuu wa Baraza la Seneti. Njiani askari waliwapiga vibaya sana hata marubani, waliokuwa Wazungu, wakajifungia katika chumba chao wasione. Ndege ilitua Luano karibu na saa kumi na moja za jioni. Kiwanjani walikuwako askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden. Kwa mbali waliona watu watatu waliofungwa macho wakisukumwa chini na kupigwa vitako vya bunduki, halafu wakatiwa katika gari na kuondolewa. Hawakuwa na amri ya kuwazuia. Lakini waliona, na waliyoyaona yaliandikwa. Tulishike neno hilo, tutalihitaji baadaye.

Walipelekwa kwanza katika nyumba ya Mzungu mmoja mwenye shamba, aitwaye Brouwez, si mbali na kiwanja. Huko walipigwa tena. Mawaziri wa Katanga walifika kuwatazama. Usiku magari yalishika njia ya Jadotville, tunayoiita leo Likasi, mpaka porini upande wa Shilatembo, kama kilometa 50 kutoka mjini. Shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Waliuawa kwa bunduki mmoja mmoja penye mti: Okito kwanza, halafu Mpolo, halafu Lumumba. Tume ya Bunge la Ubelgiji, iliyochungua mambo haya miaka arobaini baadaye, iliona kwamba yote yalikwisha kabla ya saa nne ya usiku. Tangu kutua Luano hazikupita saa tano. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwako, na pia maofisa wa Kibelgiji waliotumikia Katanga, ambao kati yao walikuwa komisa wa polisi Frans Verscheure na kapteni Julien Gat.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuficha, na ilikuwa ndefu kuliko ile ya kuua. Shimo la kwanza lilikuwa karibu mno na njia. Maiti zikafukuliwa na kuhamishwa mbali zaidi. Bado wakaona haitoshi, kwa maana kaburi laweza kufunguliwa. Ofisa mmoja wa polisi, Mbelgiji Gerard Soete, alitumwa pamoja na msaidizi wake. Walizikata maiti na kuziyeyusha ndani ya pipa la asidi kali, ile inayotumika katika kazi ya shaba. Asidi ni kitu tunachokijua sana sisi watu wa Katanga. Baba zetu wengi wamefanya kazi karibu nayo. Haya tunayaandika kwa sababu Soete mwenyewe aliyasema hadharani alipokuwa mzee.

Wakati ule wote watu waliambiwa nini? Waliambiwa kwamba wafungwa wako salama. Umoja wa Mataifa uliomba watendewe kibinadamu. Msalaba Mwekundu uliomba kuwatembelea. Majibu yakawa ya kukwepa tu. Wiki tatu zikapita. Kisha tarehe 10 Februari redio ya Elisabethville ikatangaza kwamba wafungwa wametoroka. Kadiri ya tangazo, walikuwa wamefungwa katika nyumba ya shamba, mbali huko upande wa magharibi, wakatoboa ukuta, wakawashinda walinzi, wakakimbia kwa gari. Zawadi ya faranga iliahidiwa kwa atakayewakamata. Siku tatu baadaye, tarehe 13 Februari, Waziri wa Mambo ya Ndani, Godefroid Munongo, aliwaita waandishi wa magazeti. Akasema: wamekufa, wanakijiji wa kijiji kimoja wamewaua. Jina la kijiji hatawaambia, asije mtu akalipiza kisasi. Mahali pa kaburi hatawaambia, pasije pakawa mahali pa kuhiji. Kijiji kile kitapewa faranga 400,000. Hati ya kifo ilikuwapo, yenye sahihi ya daktari. Tena aliongeza kwamba watu watawashitaki kwa kuua, na jibu lake ni hili: wathibitishe.

Mjane wa Lumumba, mama Pauline Opango, alikwenda kwa wakubwa wa Umoja wa Mataifa mjini Léopoldville kuomba mwili wa mume wake apate kumzika. Hakupewa kitu. Ni mwili gani wangempa?

Tunataka kusimama kidogo hapa, maana mara nyingi watu wanaposimulia habari hii hupita upesi juu ya kijiji kile. Wanasema: serikali ilidanganya, basi. Lakini uongo ule ulimwangukia nani? Haukumwangukia Tshombe, wala wale maofisa Wazungu. Uliwaangukia wanakijiji wa Katanga, wakulima. Dunia nzima iliambiwa kwamba katika vijiji vyetu kuna watu ambao, wakiona wageni watatu waliochoka njiani, huwaua na kupokea fedha. Kijiji hakikutajwa, kwa hiyo kila kijiji cha upande ule kilitiwa doa, na hakuna mzee wa kijiji aliyeweza kwenda mjini kujitetea, kwa kuwa hakuna aliyeshitakiwa kwa jina. Wako kwetu mpaka leo watu wanaoona vibaya jambo hili likizungumzwa, wakidhani kwamba ni kuwatukana Wakatanga. Sisi twaona kinyume. Waliowatukana Wakatanga ni wale waliotunga kijiji cha wauaji. Kusema ukweli juu ya tarehe 17 Januari ni kuwaondolea wanakijiji mzigo waliotwishwa bure.

Hadithi ile ilikuwa na matundu mengi, hata mtu asiyesoma aliweza kuyaona. Watu waliopigwa kama walivyoonekana Luano wangepataje nguvu za kutoboa ukuta na kuwashinda walinzi wenye bunduki? Kijiji kisichotajwa kitapokeaje fedha mbele ya mashahidi? Na daktari anayeandika hati ya kifo bila kusema mahali, ameandika nini? Waandishi wengi waliokuwako hawakusadiki. Siku zilizofuata watu walifanya ghasia katika miji mingi, na balozi za Ubelgiji zikashambuliwa, kwa mfano huko Cairo na Belgrade. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaamua uchunguzi ufanyike.

Tume ya watu wanne ikaundwa. Walikataliwa kuingia Kongo. Iliwabidi kukaa nje na kuuliza mashahidi waliopatikana Ulaya na kwingineko, na kusoma karatasi, pamoja na yale waliyoyaandika askari wa Sweden. Walakini ripoti yao, iliyotoka Novemba 1961, ilisema kwamba habari ya kutoroka haisadikiki, na kwamba kwa ushahidi uliopo watu wale waliuawa tarehe 17 Januari, karibu na Elisabethville, mbele ya wakubwa wa Katanga. Walikosea juu ya mahali, maana walidhani ni ndani ya nyumba. Lakini siku waliipata sawasawa. Nasi twasifu kazi yao: walinyimwa mlango, wakafika karibu kwa dirisha. Munongo alisema wathibitishe, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwisha kuthibitisha nusu.

Tume ile ilipokuwa bado kazini, msiba mwingine ukatokea upande wa pili wa mpaka. Mwezi wa Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga walikuwa wakipigana katika mitaa ya mji wetu. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Léopoldville tarehe 17 kwenda Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, ili akutane na Tshombe na kusimamisha vita. Usiku wa manane ndege yake ilipita juu ya kiwanja cha Ndola, halafu haikuonekana tena. Iliangukia msituni, kilometa 15 tu kutoka kiwanjani. Wakubwa wa kiwanja walisema labda amebadili nia na kwenda kwingine, wakazima taa. Serikali ilitangaza kuipata ndege alasiri ya siku ya pili. Wote 16 waliokuwamo walikufa. Mmoja wao, Harold Julien, aliishi siku chache, akasema maneno machache, naye akafa.

Karibu na mahali pale walikuwako wachoma makaa. Baadhi yao walisema kwamba usiku ule waliona ndege ya pili, ndogo, juu ya ile kubwa, na mwanga kama wa moto. Wengine walifika penye mabaki asubuhi, saa nyingi kabla ya polisi. Tume ya serikali ya Rhodesia iliyakataa maneno yao, ikaandika mwaka 1962 kwamba rubani alikosea kimo. Na wachoma makaa watatu waliookota vitu katika mabaki wakatiwa gerezani. Mnaona, wasomaji? Kule Katanga wanakijiji ambao hawakuwako walisadikiwa kuwa wauaji. Kule Ndola wanakijiji waliokuwako hawakusadikiwa kuwa mashahidi.

Maneno ya wachoma makaa hayakupotea, lakini. Zaidi ya miaka 45 baadaye walitafutwa tena na kuulizwa polepole, na habari zao zikaingia katika vitabu na katika ripoti. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimchagua Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi ile, kuongoza uchunguzi mpya. Katika ripoti zake ameandika kwamba yawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishwa na nyingine. Hakusema kwamba imethibitishwa. Katika ripoti iliyopelekwa mbele ya mataifa mwaka 2024 alilalamika tena kwamba serikali kadhaa, hasa zile kubwa, zinazo karatasi ambazo hazijazitoa. Hapo kweli hatujui. Na hatutaki kumsaidia msomaji kujua kwa kubahatisha, kama walivyofanya wale vijana wa Torino.

Kwa Lumumba mambo yalikwenda mbali zaidi, na hilo lilitokana na watu waliokubali kuchimba. Tshombe alikufa kifungoni Algeria mwaka 1969. Munongo alikufa Kinshasa mwezi wa Mei 1992, wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa, kabla hajatoa ushahidi wake juu ya jambo hili. Wengi walidhani kwamba siri imezikwa nao. Lakini makabati ya Brussels yalikuwa yamejaa simu za maandishi, na maofisa wa zamani walikuwa wamezeeka wakaanza kusema. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kilichokusanya karatasi hizo. Kelele zikawa kubwa. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na Novemba 2001 tume ikasema kwamba baadhi ya mawaziri na wakubwa wa Ubelgiji wana daraka la kimaadili juu ya yale yaliyomfikia Lumumba. Neno lile la "kimaadili" lilipimwa kwa mizani ya mawakili, na wengi wameliona dogo. Hata hivyo mwezi wa Februari 2002 waziri wa nchi za nje, Louis Michel, aliomba radhi kwa jina la nchi yake.

Soete naye, kabla ya kufa mwaka 2000, alikuwa amesema kwamba alichukua meno ya Lumumba, kisha akayatupa katika Bahari ya Kaskazini. Hata neno hilo halikuwa kweli yote. Mwaka 2016 mahakama ya Ubelgiji ilichukua jino moja lililokuwa limebaki katika jamaa yake. Watoto wa Lumumba waliliomba. Mwaka 2020 binti yake, Juliana, aliandika barua kwa mfalme wa Wabelgiji akidai mabaki ya baba yake. Na tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, jino lile liliwekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu mzima na kukabidhiwa kwao. Jeneza lilipelekwa kwanza Sankuru, alikozaliwa, halafu Kisangani, halafu likaja Haut-Katanga. Watu walilipokea kiwanjani Luano, likapelekwa Shilatembo kwa njia ile ile ya mwaka 1961. Tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Mama Pauline hakuyaona hayo, maana alikufa Desemba 2014.

Kesi iliyofunguliwa na watoto wake mjini Brussels mwaka 2011 ilikwenda polepole, na mmoja mmoja walioshitakiwa wakafa. Mwezi wa Juni 2025 mwendesha mashitaka aliomba kwamba Étienne Davignon, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wa Ubelgiji mwaka 1961 na wakati wa ombi hilo mzee wa miaka zaidi ya 90, apelekwe mbele ya mahakama. Yeye alikana daraka lolote.

Maurice Mpolo na Joseph Okito walikuwa katika ndege ile ile, wakafungwa macho namna ile ile, wakafa kabla ya mwenzao. Kwao hakuna jino wala kipande cha nguo kilichorudi. Jamaa zao walisimama Shilatembo penye jeneza la Lumumba.